Ukadiriaji wa Kina cha Vyanzo vya Chini ya Ardhi Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

Mtaa wa Rohero, wenye sehemu kubwa ya ofisi na maduka ya katikati ya Bujumbura, umejengwa juu ya ukanda mwembamba wa nchi tambarare uitwao Imbo, ambao upande wa magharibi unapakana na Ziwa Tanganyika na upande wa mashariki unakomea kwenye miteremko mikali ya Mumirwa. Ziwa na miteremko hiyo ni matokeo ya nguvu moja, kwani hapa ndipo lilipo tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambako ganda la dunia linavutwa pande mbili hadi likapasuka, vipande vya katikati vikadidimia na kingo zikabaki juu. Maji yamejaa katika bonde hilo hadi kufikia kina cha mita 1,470 upande wa kusini wa ziwa, na chini ya maji kumelala mashapo, yaani tabaka za mchanga, tope na udongo wa mfinyanzi zilizoletwa na mito kwa mamilioni ya miaka, kisha ndipo unapoanza mwamba wa kale. Kina cha maji hupimwa moja kwa moja, zamani kwa kamba yenye uzito na siku hizi kwa mwangwi wa sauti. Kilicho chini ya sakafu ya ziwa na chini ya lami ya Rohero hakipimwi kwa njia hiyo: unene wa mashapo, mahali mwamba ulipokatika na kuanzisha tetemeko, mahali magma iliposimama na mahali miamba yenye madini ilipo, vyote hukadiriwa kutokana na ishara zinazofika juu.

Ishara hizo ni za namna nyingi, lakini hazisemi kina kwa jina lake. Zinachotoa ni upana wa eneo lililoathirika au muda uliotumiwa na wimbi kusafiri, na mtafiti hugeuza upana au muda huo kuwa kina kwa kutumia dhana fulani, ama kuhusu umbo la chanzo ama kuhusu mwendo wa wimbi ndani ya mwamba. Kwa hiyo kila kadirio la kina lina sehemu mbili, yaani kipimo na dhana, na ubora wa kadirio hutegemea sehemu ya pili angalau sawa na ya kwanza. Jambo hili hupotea kwa urahisi mno pindi namba inapotoka kwenye daftari la mtafiti na kuingia katika taarifa ya habari au katika ripoti ya mwekezaji.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa nguvu ya mvutano. Gravimita ni kifaa kinachopima mabadiliko madogo sana ya mvutano wa dunia kutoka mahali hadi mahali, kwa kipimo kiitwacho miligali, ambacho ni karibu sehemu moja ya milioni ya mvutano wa kawaida. Panapokuwa na mwamba mzito chini ya ardhi, mvutano huongezeka kidogo juu yake, na ongezeko hilo, ambalo wataalamu huliita hitilafu, hupungua kadiri mpimaji anavyosogea mbali na kilele chake. Kitu kilicho karibu na uso hutoa hitilafu kali na nyembamba, na kilicho mbali chini hutoa hitilafu pana na hafifu. Kutokana na hilo hupatikana kanuni inayofundishwa katika kila chuo cha jiofizikia, nayo ni kupima umbali kutoka kileleni hadi mahali hitilafu inapobaki nusu ya ukubwa wake, kisha kuzidisha umbali huo, unaoitwa nusu-upana, kwa namba inayotokana na umbo la chanzo. Ikiwa chanzo ni tufe, namba hiyo ni takriban 1.3, na ikiwa ni mcheduara mrefu uliolala, ni 1. Nusu-upana wa kilomita 4 basi utatoa kina cha kilomita 5.2 kwa anayeamini kwamba chini kuna tufe, na kilomita 4 kwa anayeamini kwamba kuna mcheduara, ilhali data ni zilezile na kifaa hakikukosea hata kidogo. Kina chenyewe huhesabiwa hadi katikati ya umbo hilo na si hadi paa lake, tofauti ambayo kwa mchimbaji wa kisima inaweza kuwa na gharama kubwa.

Tatizo lina mizizi mirefu kuliko uchaguzi kati ya maumbo mawili. Hitilafu pana inaweza kuletwa na kitu kidogo na kizito kilicho chini sana, na vilevile inaweza kuletwa na tabaka pana la uzito wa wastani lililo karibu na uso, na hakuna hesabu yoyote, hata iwe ya kompyuta yenye nguvu kiasi gani, inayoweza kutenganisha hali hizo mbili kwa vipimo vya mvutano peke yake. Hata hivyo mlango umefungwa upande mmoja. Mwaka 1958 Martin Bott na R. A. Smith wa Uingereza walionyesha kwamba, ingawa chanzo kinaweza kuwa karibu na uso kuliko kinavyodhaniwa, kuna kina ambacho paa lake haliwezi kukipita, kwa sababu kitu kilicho chini zaidi ya hapo hakingeweza kutoa hitilafu yenye mabadiliko ya ghafla kiasi kilichopimwa. Matokeo ya aina hii yanastahili kuthaminiwa kuliko yanavyothaminiwa kwa kawaida, maana yanasema kwa uhakika jambo dogo badala ya kusema kwa kubahatisha jambo kubwa.

Mwaka huohuo wa 1958, Kiyoo Mogi wa Japani alichapisha hesabu ya jinsi ardhi inavyovimba juu ya chumba cha magma kinachojaa, na umbo la uvimbe huo wa wima kihesabu ni lilelile la hitilafu ya mvutano juu ya tufe, kiasi kwamba kanuni ya nusu-upana hutumika hapo pia kwa namba ileile ya 1.3. Sayansi mbili zilizoanza mbali, moja ikitafuta miamba mizito na nyingine ikichunguza volkano, zikakutana kwenye kanuni moja na kurithi udhaifu mmoja. Udhaifu huo ulipata uzito wa pekee katika mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, mwezi Mei 2021. Mlima Nyiragongo ulitoa lava tarehe 22, na baada ya lava kusimama, matetemeko yaliendelea kuelekea kusini huku picha za rada za setilaiti zikionyesha ardhi ikifunguka chini ya mji na kuelekea Ziwa Kivu. Ukuta mwembamba wa magma ulikuwa umejipenyeza ndani ya miamba, na swali la mamlaka na la wakazi lilikuwa moja: je, uko kina gani, na je, utafika juu, ardhini au chini ya ziwa lenye gesi nyingi iliyoyeyuka? Ukuta wa aina hiyo huinua ardhi kwa mistari miwili na kuiacha katikati ikididimia, na umbali kati ya mistari hiyo hutegemea kina cha ukingo wa juu wa ukuta. Tarehe 27 sehemu kubwa ya Goma iliamriwa kuhama. Uchambuzi uliofuata ulikadiria kwamba magma ilikuwa imefika mamia machache tu ya mita chini ya uso. Haikutoka. Wanaodai kwamba amri ya kuhama ilikuwa ya kupita kiasi wanasahau kwamba kwa kina kidogo namna hiyo, kosa la kawaida la makadirio linaweza kuwa kubwa sawa na kina chenyewe.

Njia za sumaku hufuata mantiki hiyohiyo kwa masharti mengine. Ndege hupita juu ya nchi kwa mistari iliyopangwa ikipima uga wa sumaku, na ramani inayopatikana hugawanywa katika mawimbi marefu na mafupi, kwa kuwa chanzo kilicho chini kabisa kinaweza kuchangia mawimbi marefu peke yake. Spector na Grant walionyesha mwaka 1970 kwamba, nguvu za mawimbi hayo zikichorwa katika mizani ya logi, mteremko wa mchoro hutoa kina cha wastani cha kundi la vyanzo. Mbinu nyingine, iliyotokana na mlinganyo wa Euler na kuingizwa katika kompyuta na Thompson mwaka 1982, hutumia kasi ya uga kupungua kwa umbali, na mtumiaji hutakiwa kuchagua kwanza namba ya umbo: 1 kwa ukuta mwembamba, 2 kwa mcheduara, 3 kwa tufe. Anayechagua namba kubwa hupata kina kikubwa. Katika mbinu ya kwanza pia ni jicho la mchambuzi linaloamua mstari mmoja ulionyooka unaishia wapi kwenye mchoro na mwingine unaanzia wapi. Mbinu hizi zinafaa kweli katika ukanda wa miamba mizito iliyojipanga kutoka Musongati, kusini-mashariki mwa Burundi, hadi Kabanga nchini Tanzania, ambako nikeli imetafutwa tangu miaka ya 1970, lakini hufaa kwa kuelekeza mahali pa kuchoronga, na haziwezi kuchukua nafasi ya uchorongaji.

Kwa mashapo ya ziwa, chombo kikuu ni mawimbi ya mwangwi. Mlipuko wa hewa iliyobanwa hutolewa nyuma ya meli, mawimbi hushuka, hugonga mpaka kati ya tabaka na kurudi, na saa hurekodi muda wa kwenda na kurudi. Mradi wa PROBE wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, ulioongozwa na Bruce Rosendahl, uliifanya kazi hiyo Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuonyesha kwamba bonde si handaki lenye kuta mbili zinazolingana, bali ni mfululizo wa mabonde yaliyoinama, kila moja likiwa na mpasuko mkubwa upande mmoja, na upande huo hubadilika kadiri mtu anavyokwenda kusini. Umbo hilo linaaminika. Unene wa mashapo ni jambo jingine, kwa sababu kilichopimwa ni sekunde. Mwangwi uliochukua sekunde 2 kwenda na kurudi ndani ya mashapo unamaanisha unene wa kilomita 2 ikiwa wimbi lilisafiri kilomita 2 kwa sekunde, na kilomita 2.5 ikiwa lilisafiri kilomita 2.5 kwa sekunde, na mwendo huo huongezeka kadiri tope linavyobanwa na kuwa jiwe. Kisima ndicho kinachomaliza ubishi. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili vya utafiti katika bonde la Rusizi upande wa Burundi, navyo havikutoa mafuta ya kibiashara. Ziwa Albert, katika tawi hilohilo la ufa, lilitangaziwa ugunduzi wa mafuta mwaka 2006. Kwa kampuni, kisima kikavu ni hasara, lakini kwa mwanasayansi ni mojawapo ya mahali pachache ambapo sekunde zinaweza kubadilishwa kuwa mita bila kubahatisha.

Matetemeko ya ardhi ndiyo yanayofanya kina kuwa jambo la kila mkazi. Kaskazini mwa ziwa kuna kumbukumbu ya tetemeko la Septemba 1960 katika eneo la Uvira, lenye ukubwa wa takriban 6.5. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilitokea chini ya ziwa, jirani na Kalemie, na tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la 5.9 lilipiga Bukavu na Rwanda ya kusini-magharibi na kuua watu. Katika kila tukio hutangazwa namba tatu: ukubwa, mahali na kina. Namba ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na sababu yake inaweza kuonyeshwa kwa pembetatu moja.

Tetemeko likianza chini ya Rohero, wimbi la kwanza, lile la msukumo linaloitwa P, husafiri kwa takriban kilomita 6 kwa sekunde ndani ya mwamba wa ganda la dunia. Kituo cha Lwiro karibu na Bukavu, ambacho wanasayansi wake wamekuwa wakirekodi matetemeko tangu miaka ya 1950, kiko umbali wa kilomita 140 hivi. Kiini cha tetemeko kikiwa kilomita 10 chini, njia iliyonyooka hadi Lwiro, ambayo ni kiegama cha pembetatu mraba, ni kilomita 140.4, na kikiwa kilomita 20 chini, ni kilomita 141.4. Kina kimeongezeka maradufu, na wimbi limechelewa kwa chini ya sehemu mbili za kumi za sekunde. Kosa dogo la kusoma mwanzo wa wimbi, au dhana isiyo kamili kuhusu mwendo wake njiani, lingetosha kufunika tofauti hiyo. Seismomita ikiwekwa kilomita 10 tu kutoka juu ya kiini, njia hizo mbili zinakuwa kilomita 14.1 na kilomita 22.4, na tofauti ya muda inakuwa karibu sekunde 1.4, ambayo hata mwanafunzi anaweza kuisoma. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba angalau kituo kimoja kiwe karibu na tetemeko kwa umbali usiozidi sana kina chenyewe. Wimbi la pili, S, ambalo ni la mwendo mdogo zaidi na hutikisa mwamba kwa upande, huongeza nguvu ya hesabu, kwa kuwa kila sekunde moja kati ya P na S huwakilisha takriban kilomita 8 za umbali, na hivyo huzuia kosa la kina lisijifiche ndani ya kosa la saa ya tetemeko.

Pasipokuwa na kituo cha karibu, kompyuta inayotafuta kiini huzunguka bila kupata jibu moja, na mchambuzi hulazimika kukishikilia kina mahali pamoja ili mahali na wakati vihesabike. Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, ambalo taarifa zake hunukuliwa na vyombo vingi vya habari vya Afrika Mashariki, hutumia mara nyingi kilomita 10 kwa kusudi hilo, na kwa miongo mingi kabla yake ilitumika kilomita 33, namba iliyotoka kwenye unene wa ganda la dunia katika majedwali ya zamani ya Jeffreys na Bullen. Orodha za matetemeko zimejaa kilomita 10 na kilomita 33 ambazo hazikupimwa na yeyote. Hakuna udanganyifu hapo, kwa maana jedwali lenyewe huonyesha kwamba kina kimeshikiliwa, lakini alama hiyo haifiki kwenye gazeti, na msomaji wa Bujumbura huachwa akiamini kwamba mwamba ulikatika kilomita 10 chini ya miguu yake.

Kuna njia ya kukwepa ukosefu wa vituo vya karibu. Tetemeko linaporekodiwa mbali sana, tuseme Ulaya, wimbi moja huondoka kwenda chini moja kwa moja na jingine hupanda kwanza hadi kwenye uso, hurudishwa, kisha hulifuata la kwanza. Muda kati yao hutegemea kina karibu peke yake, na kwa kiini cha kilomita 15 ni kama sekunde 5. Njia hii huhitaji tetemeko kubwa linalosikika mbali, na chini ya ziwa huchafuliwa na mawimbi yanayorudishwa na uso wa maji pamoja na sakafu ya mashapo. Kwa matetemeko madogo, ambayo ndiyo mengi na ndiyo yanayochora mipasuko, hakuna mbadala wa vituo vya karibu. Mtandao wa muda uliowekwa kusini mwa Tanganyika mwaka 2014 na 2015 ulionyesha faida yake, kwani ulibaini matetemeko yanayoshuka hadi karibu na chini kabisa ya ganda la dunia, kama kilomita 40, mahali ambapo mwamba ulidhaniwa kuwa na joto mno kiasi cha kupinda badala ya kukatika. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilitangazwa na USGS kwa kina cha kilomita 40, na bado liliangusha nyumba na kuua. Kina kikubwa hupunguza makali juu ya kitovu na kusambaza mtikisiko kwenye eneo pana zaidi.

Kwa Rohero, ambako mpasuko unaweza kuwa chini ya mji wenyewe au chini ya ziwa, kiini cha kilomita 10 hadi 15 kinahitaji vituo vya kudumu Imbo, juu ya Mumirwa, na ng'ambo kwenye pwani ya Uvira nchini Kongo, kwa sababu vituo vya upande mmoja huacha mahali pa kiini bila uhakika. Saa za vituo hivyo lazima ziende pamoja kwa setilaiti, na data zivuke mpaka siku ileile. Ufundi wake unajulikana. Kinachopungua ni utaratibu wa kudumu kati ya taasisi za nchi mbili zinazotikiswa na mpasuko mmoja, na upungufu huo ni aibu isiyo na udhuru wa kisayansi.

Linabaki swali la kina kidogo, lile la mashapo yaliyo chini ya majengo, ambalo kwa mhandisi wa Bujumbura huenda likawa na uzito kuliko yote. Udongo laini ulio juu ya mwamba hukuza mtikisiko kwa mdundo fulani, na jengo lenye mdundo huohuo huumia zaidi. Yutaka Nakamura alieneza mwaka 1989 njia nafuu ya kuutafuta mdundo huo bila kusubiri tetemeko: seismomita inayorekodi pande tatu huwekwa chini kwa nusu saa hivi, husikiliza mitetemo midogo ya magari, upepo na mawimbi ya ziwa, kisha uwiano kati ya mwendo wa mlalo na wa wima huonyesha kilele kwenye mdundo wa udongo wa mahali hapo. Alfajiri, kabla msongamano wa Barabara ya Mwanamfalme Louis Rwagasore haujaanza, kazi hiyo inaweza kufanywa pembezoni mwa barabara na watu wawili. Unene wa udongo hupatikana kwa kugawa mwendo wa wimbi la S kwa mara nne ya idadi ya midundo kwa sekunde. Mdundo wa nusu kwa sekunde, kwa mwendo wa mita 300 kwa sekunde, hutoa mita 150. Kwa mwendo wa mita 450 hutoa mita 225. Dhana ya mwendo, kama ilivyokuwa kwa mwangwi wa ziwani, ndiyo inayoamua, na safari hii kuithibitisha si ghali, kwani hakuhitajiki kisima cha mafuta. Wachimbaji wa visima vya maji katika Imbo hupita katika mchanga, tope na kokoto mita kwa mita, na ikiwa kila mmoja wao angetakiwa kuikabidhi Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU, maelezo ya tabaka alizozikuta na kina alichozikutia, pamoja na kipimo cha mwendo wa wimbi ndani ya kisima kabla bomba halijafungwa, ramani ya unene wa mashapo chini ya jiji ingeanza kuchorwa kwa vipimo badala ya dhana.